Gemu la mbio za magari lenye Safari Rally kwa PS4: ninunue lipi, na mbona gari linanishinda?

Baba_Wawili (Arusha)

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Nina PlayStation 4 niliyoinunua kwa ajili ya watoto, ingawa wakishalala mimi ndiye ninayebaki nayo. Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia habari za Safari Rally ya enzi zake, ile iliyoanza mwaka 1953 na kukatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 nimekuwa nikitamani kuiendesha mwenyewe, hata kama ni kwenye televisheni ya sebuleni. Mwezi uliopita niliingia katika duka moja mjini, nikaeleza kwamba nataka gemu lenye barabara za Kenya, na muuzaji akanikabidhi diski ya Dirt Rally 2.0 huku akiapa kwamba Naivasha, ambako Safari hufanyika siku hizi, imo. Nimezunguka New Zealand, Poland, Argentina na Hispania, Naivasha sijaiona.

Kwa hiyo naomba kujua, kwanza, ni gemu lipi la PS4 lenye Safari Rally kweli. Pili, nina tatizo ambalo naona si la diski: siwezi kumaliza mkondo hata mmoja (kipande cha barabara kinachopimwa kwa saa) bila kupinduka. Nimezoea magemu ya mbio za lami, ambako ukikosea unagonga ukuta wa matairi na kuendelea na safari. Huku gari linarusha kitako na kwenda kulala kwenye miti kabla sijajua kosa lilikuwa wapi. Natumia pedi ya kawaida, sina usukani, na kwa bei ninazoziona sitakuwa nao hivi karibuni.

Kijiti_Kushoto (Nakuru)

Ndugu Baba_Wawili, pole kwa hasara, ingawa diski hiyo usiigawe kwanza.

Kenya imo katika WRC 9, gemu la ubingwa wa dunia wa rally (WRC) lililotengenezwa na KT Racing ya Ufaransa na kutoka Septemba 2020. Hapo pana kichekesho kidogo: Safari ilikuwa irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka huohuo, baada ya kukosekana tangu 2002, lakini korona ikaifuta, kwa hiyo wenye pedi mikononi waliendesha Naivasha miezi kadhaa kabla ya dereva Mfaransa Sébastien Ogier kushinda ile ya kweli Juni 2021. Kenya iliendelea kuwamo katika WRC 10 ya 2021 na WRC Generations ya 2022, na yote matatu yanachezeka kwenye PS4 yako. Ukiikuta Generations, ichukue, kwa sababu ndiyo yenye magari ya mseto yaliyoanza kushindana mwaka 2022, yale yanayosaidiwa na mota ya umeme. Ukiikuta WRC 9 kwa nusu ya bei, ichukue hiyo na usisikitike. Barabara ndizo unazozitafuta, na barabara zimo.

Muuzaji wako asije akakupa EA Sports WRC ya 2023 kwa kisingizio kwamba ndiyo mpya zaidi. Hiyo haikutolewa kwa PS4 kabisa, ni ya PS5, Xbox Series na kompyuta. Wenye mashine hizo wanayo haki ya kuifurahia, maana ina mikondo inayopita kilomita 30, na ukiendesha mkondo wa namna hiyo bila kupumzika ndipo unapoelewa kwa nini madereva hushuka wakiwa wamelowa jasho. Hata hivyo, mwaka 2025 ilitangazwa kwamba haitaongezewa nchi wala magari mengine, kwa hiyo si sababu ya kuuza PS4 yako.

Nimesema usiigawe Dirt Rally 2.0 kwa kuwa, kwa maoni yangu, hakuna gemu la PS4 linalofundisha changarawe vizuri kuliko hilo. Gari lina uzito unaousikia. Barabara yenyewe huharibika kadiri magari yanavyopita, kwa hiyo ukianza nyuma ya wengine unakuta mifereji ambayo wa kwanza hakuikuta. Kasoro yake inayoniudhi ni kwamba sehemu ya kujenga timu yako inadai intaneti muda wote, na ikikatika kifurushi, timu nayo imefungwa.

Vumbi_la_Kedong (Naivasha)

Mwenzangu amemaliza habari ya kununua, nami nitajibu la kupinduka, kwa sababu nililipitia kwa miezi.

Kaka, mazoea ya lami ndiyo yanayokuangusha. Kwenye lami unachelewa kufunga breki, unakata kona, unakanyaga mafuta. Kwenye changarawe, ukifunga breki huku umekata usukani, matairi ya mbele yanaambiwa mambo mawili kwa wakati mmoja na hayawezi hata moja, basi gari linakwenda moja kwa moja hadi mtaroni. Funga breki mapema, gari likiwa limenyooka. Uzito utahamia mbele, na wakati uzito ungali huko ndipo uanze kukata kona na kuachia breki polepole. Utashangaa jinsi pua inavyoingia yenyewe na kitako kikifuata taratibu. Mafuta yanarudi pale unapoona kona inapoishia, na yanarudi kidogokidogo. Kile kitufe cha nyuma cha pedi si swichi ya taa: kina mwendo mrefu, na kidole chako kinapaswa kuujua wote. Breki ya mkono iache kwa zile kona zinazokurudisha ulikotoka, basi.

Jambo la pili ni mwelekezi, yule msaidizi wa dereva anayekusomea kona zinazokuja. Watu wengi humchukulia kama redio inayopiga kelele pembeni, nao wanaendesha kwa macho. Macho hayatoshi, kwa kuwa kona unayoiona tayari umeshaichelewa. Namba anazotaja zinaeleza ukali wa kona: 1 ni kali kabisa, 6 ni karibu na kunyooka. Baada ya namba huja neno la kukuonya kwamba kona inabana mbele, au inafunguka, au usiikate kwa ndani kwa sababu pana jiwe, au kuna mgongo wa barabara usioona upande wa pili. Anasema Kiingereza, tena kwa haraka, lakini maneno yote hayazidi ishirini au thelathini. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, punguza injini, ongeza sauti yake, na kwa wiki moja endesha kwa nusu ya kasi yako huku ukisema kwa mdomo kila anachokitaja. Mimi nilikuwa nasema kwa Kiswahili, "kushoto tatu, inabana," na mke wangu akadhani nimeanza kuumwa.

Mwisho, kagua televisheni. Nyingi za siku hizi zina hali maalumu ya gemu kwenye mipangilio ya picha, na isipowashwa picha huchelewa kidogo nyuma ya kidole chako. Kwenye gemu la mpira huenda usiligundue hilo, lakini kwenye mbio za changarawe kuchelewa huko kunatosha kukupeleka mtini.

Pedi_Mbili (Mombasa)

Nakubaliana na mengi, ila natofautiana na Kijiti_Kushoto anapoiweka Dirt Rally 2.0 mbele kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza. Gemu hilo halina huruma. Mgeni akikosea, haelezwi kosa, anapigwa faini ya muda na kurudishwa barabarani. Katika WRC 9 na yale yaliyofuata, gari ni jepesi zaidi kugeuka na pedi inatosha bila kulalamika, kwa hiyo mtu anapata moyo wa kuendelea. Afadhali aanze huko, Dirt Rally aifuate baadaye.

Tena Safari kwenye mashine ya gemu ya nyumbani haikuanza na WRC 9. Kenya ilikuwamo katika Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 kwenye PlayStation ya kwanza, na katika ile World Rally Championship ya PS2 ya mwaka 2001, ambayo sisi tuliicheza kwenye kibanda cha mtaani kwa kulipia dakika, tukigombania Subaru ya bluu. McRae mwenyewe, dereva Mskoti ambaye gemu lilibeba jina lake, alishinda Safari ya kweli mara tatu, 1997, 1999 na 2002, na hakuna aliyehitaji kutushawishi kwamba gari la bluu lilikuwa na baraka, ingawa ushindi wa 1999 na 2002 aliupata kwenye Ford. Hayo tuliyajua baadaye.

Vumbi_la_Kedong (Naivasha)

Ndugu wa Mombasa, hoja ya kuanza na kilicho chepesi naikubali. Naongeza onyo moja tu kuhusu Kenya ya kwenye gemu, kwa kuwa mimi naishi kando ya ile ya kweli. Hapa kwetu kuna vumbi laini kama unga ambalo madereva huliita fesh-fesh. Linaficha mawe na kumeza magurudumu, na mvua ikinyesha nusu saa, palepale panakuwa tope la kukwamisha trekta. Magari huja yamefungwa bomba la kuvutia hewa kwa juu ili injini isimeze vumbi na maji. Mwaka 2021 dereva Mbelgiji Thierry Neuville aliamka Jumapili akiwa anaongoza, na katika mkondo wa kwanza wa siku hiyo, Loldia, gari likavunjika upande wa nyuma kulia, akalazimika kujiondoa. Gemu linakuonjesha hayo, lakini halikuadhibu kwa kiasi hicho. Kwa hiyo ukitaka kuonja Safari, usichague mkondo mmojammoja. Endesha mashindano yote tangu mwanzo, ukiwa umewasha uharibifu wa gari, na ujizuie kuanza upya kila unapoharibu. Hapo utajikuta unapunguza mwendo kwenye mawe kwa hiari yako.

Baba_Wawili (Arusha)

Nawashukuru sana. Nimerudi baada ya wiki mbili, na nimeona ni uungwana kueleza yaliyotokea.

WRC 9 nimeipata kwa mtu, diski imekwaruzika lakini inasoma. Hali ya gemu kwenye televisheni kweli ilikuwa imezimwa, na tofauti niliisikia usiku huohuo. La mwelekezi lilinishinda kwa siku nne, hadi mwanangu mkubwa alipokaa pembeni akawa anatazama zile alama zinazotokea juu ya kioo na kunisomea kwa Kiswahili, nami nikizima sauti ya yule Mwingereza. Tulimaliza mkondo wetu wa kwanza wa Kenya bila kupinduka, kwa muda wa kuaibisha, katika nafasi ya pili kutoka mwisho. Sasa anadai zamu ya kuendesha, na mimi nisome.

Nina swali dogo lililobaki. Mikondo miwili ya mwanzo ninakwenda vizuri, wa tatu gari linaanza kuvuta kulia na breki zinalegea. Je, ni gemu, au ni mimi?

Kijiti_Kushoto (Nakuru)

Ni wewe, ndugu, na ni dalili kwamba umeanza kucheza mashindano kamili. Gari lina majeraha ya mikondo iliyopita. Unapofika kwenye eneo la huduma unapewa dakika chache za matengenezo, na kila kifaa kina muda wake, kwa hiyo huwezi kutengeneza vyote. Anza na shokapu na magurudumu, kisha breki, halafu injini. Bodi iache ibonyee, haikupotezei sekunde. Angalia pia matairi uliyochagua mwanzoni. Yale laini hushika vizuri lakini kwenye mawe ya Kenya huisha upesi, na gari linalovuta upande mmoja mara nyingi lina tairi moja lililochoka kuliko mwenzake. Chukua magumu, ubebe na la akiba, na mwanao umwambie asisome kwa haraka kabla ya migongo.