Naomba ushauri: trekta dogo la bustani halitoi cheche likipata joto

Wakuu, nina trekta dogo la bustani la zamani, injini ya petroli silinda moja, mfumo wa cheche ni wa platini (vigusano vinavyokata na kuunga umeme) na kondensa (kifaa kidogo kinachosaidia platini zisiungue). Asubuhi linawaka vizuri tu. Likishapata joto linazima, na plagi haitoi cheche mpaka lipoe.

Plagi ni mpya. Platini nimepiga msasa, uwazi nimeweka milimita 0.5. Betri inasoma volti 12.6, na nikipiga stata haishuki chini ya 10, kwa hiyo siishuku. Fundi wa mtaani anataka tushushe injini nzima (kisa cheche!). Sikubali.

Nahisi koili (inayopandisha umeme wa kwenda kwenye plagi) au kondensa inakufa kwa joto. Nianze kubadilisha ipi? Koili naweza kuipima kwa mita ya kawaida ikiwa bado ya moto? Na ile swichi ya usalama ya chini ya kiti, inayozima injini ukinyanyuka, inaweza kukata umeme namna hii?