Acheni kuita kila gari la zamani "Cadillac"! Kuna mtu ameliwa hela kwa majibu yenu

Wakuu, humu ndani mimi ni msomaji tu, siandiki. Leo naandika kwa hasira na sitaomba radhi. Moderator, tafadhali usiuhamishie uzi huu kwenye vichekesho.

Mjomba wangu yuko Tanga, anakodisha magari ya harusi. Siku nyingi alikuwa anatafuta gari la Kimarekani la kabla ya vita, lile la kumfanya bibi harusi asitake kushuka. Akaliona tangazo la yadi moja huku Sharjah, Emirates: gari jeusi, usukani kulia, "Cadillac 1938, gari la kifalme". Bei nayo ya kifalme. Mzee wa watu akafanya alichoona ni busara, akatupia picha mbili humu, moja ya mbele na moja ya ubavuni, akauliza kwa adabu kabisa: wadau, hili ni gari gani?

Mkamjibu. "Caddy hiyo mkuu, wala usiulize." "Cadillac original, tena hiyo ni V16, zilitengenezwa chache sana." Huyu wa V16 namtafuta. Silinda kumi na sita umezihesabu wapi, kwenye picha ya mlango? Hakuna hata mmoja aliyesema lete picha ya injini. Mjomba akatuma kishika uchumba, yaani malipo ya awali, halafu ndiyo akanipigia simu niende kulikagua, maana mimi ndiye ninayeishi huku.

Nimefika, nimeinua boneti upande mmoja. Silinda nane zimesimama mstari mmoja, juu yake kifuniko kirefu cha vavu. Nikaishusha, kazi imeisha. Cadillac haijawahi kuuza gari lenye silinda nane za mstari mmoja. Walianza V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, mwaka 1914 na hawakuiacha, na V8 yao ya 1938 ina vavu ubavuni, juu huwezi kukuta kifuniko cha vavu. Silinda nane za mstari zenye vavu juu, ndani ya bodi ya General Motors (kampuni mama ya Cadillac na Buick) ya miaka hiyo, ni Buick. Na ni Buick nzuri, sina ugomvi nayo, harusi ya Tanga ingependeza. Ila Buick haiuzwi kwa bei ya Cadillac.

Nikamwambia muuzaji. Akainama, akafungua mlango, akanionyesha kibati kwenye kizingiti chenye mchoro wa gari la farasi na maandishi "Body by Fisher". Akaniambia kwa kujiamini, "Basi kama si Cadillac, hili ni Fisher, ni adimu kuliko Cadillac." Nikabaki namtazama. Fisher ni watengeneza bodi wa General Motors, kibati hicho kimepigwa kwenye mamilioni ya Chevrolet! Nilipomwambia arudishe hela ya mzee akatoa simu, akanifungulia uzi wenu. "Watu wenu wenyewe wamethibitisha." Hela hadi leo hairudi.

Ndiyo maana nasema kubahatisha humu si mchezo. Nyinyi mnaandika mkiwa kwenye daladala, mwingine anafanya ndiyo ushahidi wake.

Sasa tuelewane kwa nini picha ya ubavuni haitoshi. Kampuni moja, bodi zilezile, majina matano. Chukua bodi kubwa ya Fisher ya 1940: imevaliwa na Cadillac Series 62, LaSalle, Buick Super na Roadmaster, Oldsmobile 90, na Pontiac Torpedo. Paa lilelile, milango ileile, mkunjo wa dirisha la nyuma uleule. Kumtambua Cadillac hapo kwa umbo ni sawa na kumtambua mtu kwa kanzu siku ya Idi. Tofauti iko kwenye grili, taa, dashibodi na chini ya boneti. Na grili inabadilishwa! Gari lililozunguka nchi tatu kwa miaka themanini limeshapigwa bampa la gari jingine na taa za gari la tatu.

Halafu kuna hili la usukani. Wengi wenu mkiona usukani kulia mnasema "hilo si la Marekani, limegeuzwa". Nani kawaambia? Kiwanda cha General Motors cha Oshawa, Canada, kilikuwa kinatengeneza magari ya usukani kulia kwa ajili ya makoloni ya Mwingereza. Port Elizabeth (leo Gqeberha), Afrika Kusini, General Motors walianza kuunganisha magari mwaka 1926. Bombay walikuwa na kiwanda tangu 1928. Australia bodi zilijengwa na Holden, kwa hiyo Buick ya kule inaweza kuwa na chesisi ya Amerika Kaskazini na bodi ambayo mtu wa Detroit hajawahi kuiona. Mfalme Edward VIII wa Uingereza mwenyewe alinunua Buick mwaka 1936, na ilitengenezwa Canada. Kwa hiyo usukani kulia haukutoi Cadillac wala haukupi Cadillac. Unakuambia tu kwamba gari lina historia ya kufuatilia.

Mwaka nao ni balaa jingine. Mnasoma kadi ya gari, imeandikwa 1938, mnasema gari la 1938. Marekani modeli za mwaka mpya zilikuwa zinatoka kabla mwaka wenyewe haujaanza, kwa hiyo gari lililouzwa Novemba 1937 linaweza kuwa modeli ya 1938. Upande wa pili, gari lililokaa melini, likakaa bandarini, likakaa dukani kwa wakala hadi lilipopata tajiri, linasajiliwa mwaka au miwili baadaye. Kadi inasema lini serikali ya huko ililiona kwa mara ya kwanza, basi.

Packard, kampuni nyingine ya magari ya kifahari ya Marekani, ndiyo wastaarabu kwenye hili. Packard za kabla ya vita zina kibati kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, na juu yake wakala aligonga jina lake, mji wake, na tarehe ya kukabidhi gari. Ukikipata kibati hicho kikiwa cha kwake, unajua gari lilianzia maisha mji gani. Lakini hata hapo, tarehe ni ya kukabidhiwa, si mwaka wa modeli. Packard walihesabu kwa "series", si kwa kalenda.

Kwa Cadillac za baada ya vita, kuna jaribio ambalo hata mtoto analiweza na hakuna aliyelitaja humu. Tangu modeli za 1941 hadi ndani ya miaka ya 1950 mdomo wa tangi la mafuta umefichwa kwenye taa ya nyuma ya kushoto. Unaachia taa, inanyanyuka, mfuniko huo hapo. Muuzaji anayesema "Cadillac 1950" na mafuta yanaingilia ubavuni kwenye fenda, muage. Namba nazo zinazungumza: Series 62 ya 1949 namba yake inaanza na 4962, ya 1950 inaanza na 5062. Na lile "Cadillac la 1949" lenye matundu manne ubavuni mwa fenda ni Buick Roadmaster. Yakiwa matundu matatu ni Buick Super. Matundu hayo ni alama ya Buick, waliyatangaza wenyewe, nyie mnaona Cadillac!

Na jamaa aliyetupia picha za makumbusho akaandika "Packard ya 1965 ya viongozi wa Urusi", akapata likes kibao. Packard ya 1965 haipo duniani. Utengenezaji wa Packard za kweli pale Detroit ulikoma 1956, jina likazikwa 1958. Ulichokipiga picha ni Chaika, GAZ-13, gari la Kisovieti lililotoka 1959 hadi 1981, na uso wake umefuata Packard za katikati ya miaka ya 1950. Kabla yake kulikuwa na ZIS-110, la Kisovieti pia, hilo linafanana na Packard 180 ya 1942 kiasi cha kuwachanganya hata wazoefu. Angalia katikati ya vifuniko vya rimu: Packard ina umbo jekundu la pembe sita. Na soma herufi, ndugu yangu. Zikiwa za Kirusi, gari ni la Kirusi.

Wanaotambua magari ya Havana, Cuba, mimi nawaonea huruma, maana kule injini haisaidii kitu. Baada ya vikwazo vya Marekani watu walifunga dizeli yoyote iliyopatikana, kwa hiyo ukiinua boneti unakutana na Mrusi au Mjapani. Huko unaanza na bodi na vibati, injini unaiacha.

Ila hata nyie mnaopenda kusema "gari la Maharaja" kila mkiona India: magari ya hivyo yapo kweli, na yana namba. Duesenberg SJ, gari la kifahari la Kimarekani, ya Maharaja Holkar wa Indore, bodi ya Gurney Nutting wa London, inafahamika na kuandikwa. Gari la Maharaja lisilo na jina la Maharaja, namba ya injini wala mjenga bodi ni gari tu.

Kuanzia leo mtu akileta gari la kutambuliwa humu, mwambieni kwanza alete picha ya injini pande zote mbili, kibati cha kwenye ukuta wa injini, namba iliyogongwa kwenye bloku, dashibodi, na taa za nyuma kwa karibu. Asipokuwa nazo mwambieni hatujui. Neno "hatujui" halikatwi kodi.

Na wewe uliyeandika V16, nimeshaku-tag mara kadhaa, njoo ujibu hapa mbele ya watu ulihesabu vipi. Mjomba naye yupo humu anasoma. Mwenye uzoefu wa kudai kishika uchumba kwa yadi za huku Sharjah aniandikie inbox, nina risiti na mazungumzo yote ya WhatsApp.