Nimefuta "nimelipata" ya mgeni aliyepanda Loleza. Nimekosea?

Mpanda_Loleza (Mbeya), Jumatatu usiku

Habari za jioni wasaka makopo, wenzangu wa geocaching, mchezo wetu huu wa kuficha kopo, kutangaza mtandaoni mahali lilipo, na wengine kulisaka kwa GPS ya simu na kusaini daftari la ndani. Kuna jambo linanikereketa tangu jana.

Kopo langu liko kwenye njia ya kupanda Loleza, chini ya jiwe, ukishaiacha ile mikaratusi nyuma. Ni kopo la maziwa ya unga, nimelipaka rangi ya udongo. Ndani kuna daftari dogo, penseli, bangili mbili na kwacha za sarafu kutoka Malawi za kubadilishana. Juma lililopita mgeni mmoja kaandika mtandaoni "nimelipata", kaweka na picha ya mji ukionekana chini. Jana nikapanda kukagua, kifua kinadunda kama mashine ya kusaga. Jina lake daftarini halipo!

Kanuni si inajulikana? Kuliona kopo si kulipata, mpaka usaini. Nikafuta. Kanijibu kwamba nimejifanya trafiki wa mlimani. Sasa nataka niweke sharti: kila atakayepanda atume picha akiwa ameshika kopo. Mnaonaje wenzangu?

Hatua161 (Iringa)

Kamwene kaka. Kufuta una haki, mwenye kopo ndiye anayesimamia orodha yake. Ila hiyo picha sahau. Masharti ya ziada kwenye makopo ya kawaida yalipigwa marufuku mwaka 2009, kwa sababu watu walifikia hatua ya kuwadai wenzao wavae kofia za ajabu na kuimba. Saini inatosha.

Na mimi si mtu wa kulegeza, jina langu tu linakuonyesha. Kopo na kopo ziachane mita 161, na nimewahi kumripoti rafiki yangu mwenyewe aliyeweka la kwake mita 140 kutoka langu hapa karibu na Gangilonga. Hatukusalimiana miezi miwili.

Swali moja tu: hilo daftari ulilikuta katika hali gani?

Mpanda_Loleza

Aisee. Limelowana. Mfuniko una ufa, na mvua za masika hizi mnazijua. Kurasa zimegandana kama chapati zilizorundikwa za moto, nilipobandua mbili zikachanika. Penseli haishiki.

Hatua161

Kwa hiyo mgeni angesaini wapi, kwenye jiwe? Daftari kavu ni kazi ya mwenye kopo, nayo ni kanuni vilevile. Ungelisimamisha kwa muda kule mtandaoni tangu ulipojua lina ufa. Ukiendelea kulipuuza, mkaguzi wa kujitolea atakuja kulifunga yeye.

BibiMigomba (Tukuyu)

Ugonile mwanangu. Ngoja nikucheke kidogo, halafu nikupe yangu.

Kopo langu la kwanza nililichomeka kwenye mizizi ya mparachichi, kwenye shamba la jirani. Sikumwambia mtu, nikijua ile kanuni ya kuomba ruhusa kwa mwenye ardhi ni mambo ya Ulaya. Watoto wakalikuta. Fikiria wewe mwenyewe: kopo limefichwa mizizini, ndani shanga, na karatasi yenye majina ya watu na tarehe! Nikaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nimekuta kopo liko peke yake katikati ya uwanja, watu wamelizunguka kwa mbali, hakuna anayeligusa. Nimeeleza habari za satelaiti mpaka koo likakauka. Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda mwenye simu nzuri, tukaifungua ramani, mshale ukaja mpaka pale kopo lilipo.

Siku hizi nimebandika maelezo ya Kiswahili juu ya mfuniko, na jirani karidhia. Mwenyekiti naye kawa mkali kutushinda sisi wote. Mgeni akitokeza migombani tu anaulizwa: "Umesaini?"

Hatua161

Shikamoo bibi, nimecheka mpaka nimeitwa jina na mke wangu. Unajua hata lile kopo la kwanza kabisa la mchezo huu, la Dave Ulmer kule Oregon, Mei 3, 2000, siku moja baada ya Marekani kuacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa raia, leo lisingepita? Ilikuwa ndoo, imefukiwa nusu, na ndani kuna kopo la maharage. Kuchimba marufuku, chakula marufuku. Lakini daftari lilikuwemo.

Mpanda_Loleza, Jumanne asubuhi

Ushauri wenu wote nimeupokea. Nimemwandikia mgeni, nimemwomba radhi na kumwomba aandike upya. Kopo nimelisimamisha. Jumamosi napanda na daftari jipya ndani ya mfuko wa plastiki wa kubana.

Ila sina chombo. Nani anajua pale Mwanjelwa wanapouza vile vibakuli vyenye mpira kwenye mfuniko?

BibiMigomba

Kabla hujanunua, kitie maji, kifunge, kigeuze juu chini mbele ya muuzaji. Akinuna, hamia meza ya pili.