Nimeachwa langoni Golconda napiga makofi kama punguani. Huyu mtu ashindwe!

Kiganja Chekundu (mtoa mada)
Wakuu, naandika viganja vinawaka moto.

Yule mzee wa misafara, Waswahili wote wa Hyderabad mnamjua, yule wa kofia na kipaza sauti, leo katupeleka ngome ya Golconda. Kiingilio cha wageni zaidi ya mara kumi ya wenyeji, sawa, sina neno. Tumefika lango lenye kuba, lile ukipiga kofi chini linasikika juu kileleni Bala Hisar, karibu kilomita nzima. Enzi za masultani wa Qutb Shahi ndiyo ilikuwa king'ora. Mzee akanitazama. Mbele ya dada niliyekuwa namsemesha tangu kwenye basi, akasema: "Wewe mwenye pumzi fupi baki hapa upige makofi, sisi tunapanda kusikiliza."

Pumzi fupi! Mbele ya yule dada!

Nikapiga. Paa! Paa! Wahindi wakajipanga kupiga picha na mimi. Mtoto mmoja akanipa rupia kumi. Saa nzima na nusu, viganja vimeumuka kama maandazi, kumbe wenzangu wameshuka njia ya pili, wamepita kwenye magofu ya kasri la malkia, wamepanda basi, wameenda kula biriani. Nimejua kwa kuona status. Mzee na yule dada, sinia moja.

Aurangzeb, mfalme wa Mughal, aliizingira Golconda miezi minane mwaka 1687 ndipo akaingia, na hakuna aliyemwita pumzi fupi. Mimi ngazi mia tatu na ushee tu!

Mkia wa Taa
Swali moja mkuu. Ulipanda hizo ngazi?

Kiganja Chekundu
Sikupewa nafasi!

Mkia wa Taa
Basi pumzi ni fupi.

bin_Chapati
Chai hii. Weka picha ya viganja.

Shangazi wa Charminar
Si chai, nilikuwemo. Makofi tuliyasikia vizuri mno. Dakika kumi za kwanza tulishangilia, halafu mzee akasema "mwacheni, anajiburudisha".

Kiganja Chekundu
KUMBE MLISIKIA? Na wewe shangazi ukanyamaza? Ndivyo Golconda ilivyoanguka, mtu wa ndani aliwafungulia maadui lango usiku!

Popo Mstaafu
Wewe uliachwa kwenye mwanga, shukuru. Sisi mwaka jana alituingiza ngome ya Daulatabad, ile njia ya giza iliyochongwa ndani ya mwamba ili adui apotee, akazima tochi "muonje historia". Popo wakatupitia usoni. Nilikanyagwa na mtu wa kilo mia. Mwaka 1327 Muhammad bin Tughluq, sultani wa Delhi, aliwaswaga watu wa Delhi hadi hapo, baadaye akaghairi, warudi. Huyu mzee ni mjukuu wake, wallahi.

Kadhi Asiye na Kazi
Tughluq huyohuyo ndiye aliyempa msafiri Ibn Battuta ukadhi wa Delhi, miaka michache tu baada ya msafiri huyo kupita Kilwa mwaka 1331.

bin_Chapati
Watu wanaongelea makofi, wewe unaleta Kilwa.

Chenji Yangu
Afadhali nyie. Janjira, ngome ya Wasiddi katikati ya maji, watu wenye asili ya Afrika, Wamaratha walihangaika nayo vizazi na vizazi wasiiteke. Nimeenda na roho ya fahari, mzee akanitoza mashua mara mbili: ya kwenda, na ya kurudi.

Mkia wa Taa
Ulitaka urudi kwa kuogelea?

Chenji Yangu
Rupia zangu 40 anazo mpaka leo!

Kiganja Chekundu
Jamani turudi kwenye mada. Pumzi fupi, mbele ya…

Popo Mstaafu
Shangazi, hiyo biriani ilikuwa ya mbuzi?

Shangazi wa Charminar
Mbuzi. Ila kiazi hakuna hata kimoja.

Kadhi Asiye na Kazi
Hawa watu hawaweki kiazi kabisa. Miaka mitatu navumilia.

bin_Chapati
Bila kiazi? Fungueni uzi wa hilo sasa hivi.