Watoto kwenye bustani ya michezo Dar es Salaam: nitaingizaje sayansi na utunzaji wa mazingira bila kuwaharibia raha?

Mama wa Kibirizi (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Shule zikifungwa mwezi Desemba, mimi na mume wangu tumepanga kuwapeleka watoto wetu watatu Dar es Salaam kwa treni, na jambo wanalolisubiri kuliko yote ni kushinda siku nzima kwenye bustani ya michezo yenye bembea, magari ya kugongana na mabwawa yenye miteremko ya maji. Mkubwa anamaliza kidato cha kwanza, wa kati yuko darasa la nne, na kitindamimba yuko darasa la kwanza.

Gharama ya safari hii si ndogo kwetu, na ningependa warudi na kitu zaidi ya picha za simu. Mkubwa hukariri maana ya msuguano na kani ya mvutano kama ilivyoandikwa daftarini, lakini ukimwomba akuonyeshe msuguano ulipo hapo nyumbani, hukaa kimya. Wakati huohuo nawajua wanangu: wakihisi tu kwamba wanafundishwa, raha imekwisha. Je, kuna njia ya kuwafanya waione fizikia, na pia waone namna maji, umeme na taka vinavyoshughulikiwa mahali kama pale, bila kuigeuza siku yao kuwa kipindi cha darasani? Nitashukuru kupata mifano inayotekelezeka kwa mzazi ambaye hakusomea sayansi.

Mwalimu wa Fizikia (Tabora)

Dada, wazo lako ni zuri na linawezekana. Ninachokuomba ni kwamba swali litangulie mchezo, na maelezo yasubiri. Waache wabashiri kabla ya kupanda, kisha wapande, kisha wewe unyamaze mpaka waanze kubishana wenyewe.

Bembea ndiyo nyepesi kuanza nayo. Waulize: akikaa baba, na baadaye akikaa kitindamimba, ni yupi atakayekwenda na kurudi upesi zaidi? Watoto wengi humtaja baba kwa sababu ya uzito wake. Wapime kwa saa ya simu safari kumi za kwenda na kurudi, bila kusukuma kwa nguvu, na wataona kwamba muda ni karibu uleule, kwa kuwa unategemea urefu wa minyororo wala hautegemei uzito wa aliyekaa. Mkubwa anaweza kulianza jaribio hili nyumbani kwa kuning'iniza jiwe kwenye uzi: uzi wa mita 1 huchukua takriban sekunde 2 kwenda na kurudi, na akitaka uchukue sekunde 4 atagundua kwamba mita 2 hazitoshi, bali anahitaji mita 4.

Kwenye mteremko wa maji ningetumia muda mrefu zaidi. Mtoto wa kilo 30 anapopanda ngazi hadi urefu wa mita 10, anakuwa amejiwekea akiba ya nishati ya jouli 2,940 hivi, na akiba hiyo ndiyo inayogeuka kuwa mwendo anapoteleza. Kama pasingekuwa na msuguano wowote, angefika chini kwa mita 14 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 50 kwa saa, na baba yake mwenye kilo 80 angefika kwa mwendo huohuo. Katika hali halisi msuguano hula sehemu ya nishati hiyo, na maji yanayotiririka pale yamewekwa ili kuupunguza. Mwulize wa kati ingekuwaje kama mteremko ungekuwa mkavu, na kwa nini wajenzi waliweka bwawa mwishoni badala ya sakafu. Akieleza kwamba maji humsimamisha kidogo kidogo, ameelewa kwamba kinachomuumiza mtu ni kusimama ghafla, hata kama mwendo ni uleule. Swali la mkanda wa gari linaweza kufuata hapohapo, au likasubiri hadi watakapogongwa kwa nyuma kwenye magari ya kugongana na kuona vichwa vyao vinavyobaki nyuma wakati viti vimekwisha kwenda mbele.

Fundi Pampu (Ujiji)

Mwalimu ameeleza vizuri habari za mwendo. Kazi yangu ni pampu na mabomba, hivyo naomba nizungumzie yale ambayo mgeni wa bustani hayaoni. Watoto wetu wamekulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo kwa kina chake cha takriban mita 1,470 ni la pili duniani baada ya Baikal, na ni rahisi kwao kuamini kwamba maji hayaishi. Bwawa la michezo linawafundisha hesabu nyingine. Maji yale hayamwagwi kila jioni. Pampu huyavuta, huyapitisha kwenye kichujio ambacho mara nyingi ni cha mchanga, yanatiwa klorini ya kuua vijidudu, kisha yanarudishwa juu ya mteremko. Yanayoongezwa ni kufidia yaliyokauka kwa jua, yaliyorushwa nje na yaliyotumika kusafishia kichujio. Wape kazi ya kutafuta maji yanatokea wapi na yanaondokea wapi, lakini wasikaribie matundu ya kunyonyea maji wala chumba cha pampu bila mhudumu.

Waambie pia kwa nini wanatakiwa kuoga kabla ya kuingia bwawani. Jasho na mkojo vinapokutana na klorini huzaa kemikali nyingine, na mara nyingi hizo ndizo zinazochoma macho na kutoa ile harufu kali ambayo watu hudhani ni dalili ya usafi.

Kwa mkubwa, ongeza hesabu ya umeme. Mita moja ya ujazo ya maji ni lita 1,000, yenye uzito wa kilo 1,000. Uniti moja ya umeme tunayoinunua kwa LUKU ingeinua mita za ujazo 36 hivi hadi urefu wa mita 10, kama pampu isingepoteza nishati yoyote, na kila pampu hupoteza. Akishakisia ni maji kiasi gani yanayopita pale kutwa nzima, mwulize umeme huo umetoka wapi. Sisi wa Kigoma tuliishi miaka mingi na umeme wa jenereta za dizeli, na yeye anaikumbuka ile ngurumo. Umeme wa Dar es Salaam ni wa gridi, nayo hulishwa zaidi na gesi asilia na maporomoko ya maji, likiwemo bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo sehemu ya maji yanayopandishwa juu ya mteremko hupandishwa kwa nguvu ya maji mengine yaliyoshuka Rufiji. Mtoto aliyetoka kuteleza muda huohuo atalielewa hilo kuliko mimi nilivyolielewa chuoni.

Bibi wa Mwanga (Kigoma)

Mwanangu, mimi nitasema juu ya kitindamimba, kwa sababu jouli na megawati bado si mzigo wake. Huko Uholanzi ipo bustani iitwayo Efteling, ambako tangu mwaka 1959 limewekwa sanamu la mtu mlafi aitwaye Holle Bolle Gijs. Sanamu hilo huomba karatasi kwa sauti, huvuta kinywani kila kitu linachopewa, kisha hushukuru, na watoto huzunguka bustani wakiokota taka ili wapate kulilisha. Mpe mdogo cheo cha namna hiyo: yeye ndiye mwenye mfuko wa taka wa familia, na hakuna anayetupa kitu bila kupita kwake. Ni mfuko wa kitambaa, kwa kuwa ile ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Jioni mtandaze taka zenu na mwone ni zipi mngeweza kutozinunua.

Mkaulize mapema kama mnaruhusiwa kuingia na chupa zenu za maji. Na maswali yawe machache. Mtoto akishika mkono wako na kusema twende tukateleze tena, nenda naye.

Mama wa Kibirizi (Kigoma)

Shikamoo bibi, nami nashukuru kwa nasaha zenu zote. Mwalimu, je, kuna la kufanya ndani ya treni? Njia ni ndefu na watoto huchoka.

Mwalimu wa Fizikia (Tabora)

Lipo, dada, na halina gharama. Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Treni ikisimama hapa kwetu, mwambie wa kati afungue chupa tupu ya maji, aifunge tena kwa nguvu, aandike jina lake juu yake, na asiifungue tena mpaka Dar es Salaam. Usimweleze sababu. Kadiri mnavyoteremka kuelekea pwani, hewa ya nje huzidi kuibana ile iliyofungiwa ndani, na mtakapofika ataikuta imebonyea bila mtu kuikalia. Mwache aseme anadhani nani ameibonyeza, kisha aifungue taratibu huku akisikiliza hewa ikiingia.

Mkifika ufukweni, wachomeke kijiti pale maji yanapoishia, kisha wakirudie baada ya saa tatu. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, hivyo kwao hilo litakuwa jambo jipya kabisa, na siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti huwa kubwa sana. Kuhusu chupa, chagua ile laini ya lita moja na nusu, kwa sababu chupa ngumu haibonyei.