Watoto wa Babu: Safari ya St. Louis

Rehema 19:02
Hamjambo wote. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunatoka Minneapolis kwenda mahafali ya Neema. Ni kama kilomita 900. Gari la nani? Na wimbo wa kwanza ni "Windfall". Hilo halina mjadala.

Rehema 19:27
Mmesoma, naona tiki za buluu.

Juma 19:41
Chapati zitakuwepo?

Rehema 19:41
Juma, nimeuliza gari.

Juma 19:42
Na mimi nimeuliza chapati 😂

Mama Kito 20:05
Wimbo huo ndio ule wa marehemu?

Rehema 20:06
Ndiyo wifi. Bendi ya Son Volt, albamu ya Trace, 1995. Tena waliirekodi hapa hapa Minnesota, Northfield, na njia yetu inapita karibu na pale.

Kito 20:11
Shangazi, si huo wa polepole? Dereva atasinzia.

Rehema 20:19
Kito mwanangu, usiusikilize kwa simu, weka spika. Gitaa linaanza kama mtu anayetoa gari uani bila kuamsha majirani. Halafu fidla, halafu lile gitaa la kutelezesha chuma linalia kwa mbali. Mwimbaji wao, Jay Farrar, alikuwa amejitoa bendi yake ya zamani, Uncle Tupelo, ikafa 1994. Angeweza kufungua albamu ya bendi mpya kwa hasira. Yeye kafungua kwa dua, upepo umpeperushie shida anayeendesha usiku. Anashika kituo cha redio ya AM cha Louisiana, nyimbo za zamani, anaona kama yuko peponi. Hapo marehemu baba yako alikuwa ananyamazisha gari zima.

Rehema 20:21
Kwa sababu alikulia kwenye redio. Ile iliyokwenda kwa fundi Voi isirudi. Sitaji mtu.

Baba Neema 20:58
Umeanza. Miaka kumi na minane! Nilisema fundi alihama.

Juma 20:59
Fundi yuko Louisiana, ndiye mwenye kituo 😂😂

Mama Kito 21:00
Juma.

Rehema 21:34
Jamani gari?

Babu 22:48
Nimeamka nakuta maneno. Redio ilikuwa yangu na mimi sijaidai. Mchana ilikuwa haipati kitu. Usiku mawimbi yakifika mbali tulikuwa tunaipata Dar hapa uani, na marehemu alisimama nje ameshika waya juu ili ninyi msikie ndani. Yeye alikuwa hasikii vizuri. Wekeni wimbo wake. Neema mpeni mkono wangu.

Baba Neema 23:31
Shikamoo Baba. Nimesikia. Gari langu lina viti saba, nitakuja nalo. Tairi moja la nyuma silipendi, nitaliangalia asubuhi.

Rehema 23:32
Asante kaka. Mafuta tunachangaje?

Mama Kito 23:40
Mimi nikae mbele, karibu na spika.

Kito 23:44
Nimeuweka kwa spika. Fidla ile, Shangazi. Nimeurudia mara tatu.

Rehema 23:45
❤️ Mafuta jamani? Na Juma, unakuja?

Juma 00:16
Kazini hawajanijibu ruhusa. Chapati nitaleta kwa vyovyote. Ile saa kumi na moja ni ya Kiswahili au ya simu?