Naomba ushauri: MacBook Pro au ThinkPad kwa milioni 2.6? Nataka mashine itakayodumu

Mzawa wa Nyakato (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza. Natafuta laptop nzuri kabisa, ya kukaa nayo miaka mitano bila kukimbizana na fundi. Mkononi nina 2,600,000 na haiongezeki. Kuna MacBook Pro M1 Pro ya mtumba nimeiona dukani, haina hata mkwaruzo, wanataka 2.5. Upande wa pili kuna ThinkPad za bei mbalimbali, ila kwa kweli zinafanana na matofali. Roho iko kwenye Mac. Wasiwasi wangu ni mmoja: ikileta shida, hapa mjini nani ataigusa? Kazi zangu ni za kawaida tu. Ipi itadumu?

FundiKoleo
"Za kawaida" ni zipi mkuu? Kuna mtu kazi yake ya kawaida ni kuandika barua, mwingine ni kuhariri video ya harusi ya saa nne. Taja programu unazofungua kila siku. Bila hapo tutakushauri kwa kupiga ramli.

Kapripointi
Nikujibu la kudumu. Mac usizipime kwa jina, zipime kwa mwaka. Za 2016 hadi 2019 zilikuja na kibodi nyembamba iliyokuwa ikikwama kwa punje ya vumbi, mpaka Apple mwaka 2018 wakafungua mpango wa kuzitengeneza bure. Mpango ule ulihesabu miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza, kwa hiyo ukikutana nazo leo mzigo ni wako. Pro za 2016 zilikuwa na ugonjwa mwingine, waya wa kioo mfupi unaochakaa kwa kufungua na kufunga, mwanga wa chini ya kioo unaanza kutoka vipande vipande kama taa za jukwaani. Kuanzia M1, chipu ya Apple wenyewe, Novemba 2020, hayo hayapo tena. Ila RAM na hifadhi zote zimechomelewa kwenye bodi. Chipu ya hifadhi ikifa, umepoteza bodi, na data zimekwenda nayo.

Ng'wana Igoma
Milioni mbili na nusu kwenye kitu kinachofunikwa kama sahani! Vijana mna raha. Nunua ya laki nane, zinazobaki weka kwenye dagaa. Dagaa hawaombi apudeti.

Bibi Sangara
Dagaa nao wanaoza, Ng'wana Igoma.

Tuache utani. Nyie mnaongelea vumbi la Ulaya. Hapa kuna vijidudu vya ziwani. Ukikaa jirani na maji ukawasha taa usiku dirisha likiwa wazi, wanakuja kama moshi, na feni ya laptop inawavuta ndani pamoja na vumbi. Wanagandamana kwenye mapezi ya kupozea, kati ya feni na tundu la kutolea hewa, na ukifungua unakuta kitu kama blanketi. Dalili ni feni kuvuma hata ukiwa umefungua ukurasa mmoja. Usipulize kutoka nje, maana unalisukuma blanketi lirudi kwenye feni. Fungua mfuniko wa chini, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, piga brashi laini kuelekea nje. Ukiwa humo, badilisha pia pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, tone dogo kama punje ya mchele. Mara moja kwa mwaka inatosha, mara mbili kama nyumba inatazama ziwa. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa, kwa hiyo hapo imeshinda zote.

Mlango Mmoja
Na umeme. Kinachoua sana si kukatika, ni kurudi. Umeme ukirudi kwa kishindo, chaja halisi mara nyingi inajitoa sadaka yenyewe. Chaja ya kichina isiyo na kinga inapitisha kishindo mpaka kwenye bodi. Weka ile friji gadi, iwe na ucheleweshaji wa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme. Hiyo inaokoa mashine kuliko jina lililoandikwa kwenye mfuniko.

FundiKoleo
Mzawa, bado nakusubiri. Programu gani?

Mzawa wa Nyakato
Asanteni wote, nasoma. Programu ni zile za ofisi, mtandao, na michoro kidogo.

FundiKoleo
Michoro ya nini? Maua?

Mzawa wa Nyakato
Ya viwanja na barabara. Mimi ni mpima. Natumia Civil 3D, programu ya kusanifu barabara na viwanja, na ile ya kushushia data za RTK, vipimo vya setilaiti. Ila si kila siku jamani, na muuzaji ameniambia Windows atanipachikia ndani ya Mac, haina shida. Halafu tuwe wakweli, mteja akikuona umefungua tofali la mwaka 2018 anaanza kukata bei. Mac inakaa mezani inakutetea.

Kapripointi
Lo! Hilo ndilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza. Majibu yote hapo juu yamekuwa bure.

AutoCAD ya kawaida ipo ya Mac, ndiyo. Civil 3D haipo, haijawahi kuwepo. Ni ya Windows tu. Zamani kwenye Mac za Intel ungeweza kugawa diski ukaweka Windows kamili pembeni. Kuanzia M1 mlango huo umefungwa. Kilichobaki ni kuiendesha Windows ndani ya dirisha, kwa programu kama Parallels, na Windows yenyewe ni ile ya prosesa za ARM, aina ya chipu kama hiyo M1. Autodesk, wenye Civil 3D, hawaiungi mkono huko. Inaweza kufunguka leo na kukataa baada ya apudeti moja, na huna pa kulalamika. Programu kubwa za kuchakata data za setilaiti (GNSS), Trimble Business Center na Leica Infinity, nazo ni za Windows. Kama leseni yako ni ya kijiti cha USB ndiyo balaa zaidi, draiva ya kijiti inakataa mapema.

Hiyo Mac ina RAM ngapi?

Mzawa wa Nyakato
Ina 8. Ila za Mac si wanasema 8 yake ni kama 16 ya Windows? Na ni ya kisasa, ina ule mstari wa kugusa juu ya kibodi unaowaka rangi.

Makasia
Simameni hapo.

M1 Pro ya RAM 8 haijawahi kutengenezwa. Zinaanzia 16. Na M1 Pro yenye mstari wa kugusa haijawahi kutengenezwa pia. Mstari uliondolewa kwenye hizo, vikarudishwa vitufe vya kawaida. Wakuu, tumekaa hapa tunamshauri mtu kuhusu mashine ambayo haipo duniani. Huu uzi ni wa kutunga. Au mwanzisha uzi ndiye muuzaji, anapima upepo wa bei.

Ng'wana Igoma
Labda imetengenezwa Igogo, kwenye magereji.

Bibi Sangara
Mimi niliposikia "haina hata mkwaruzo" nikajua. Hayo ni maneno ya tangazo, mnunuzi haandiki hivyo.

Mzawa wa Nyakato
Jamani mimi si muuzaji! Nimeiona kwa macho yangu. Imeandikwa MacBook Pro, na muuzaji kasema M1 Pro. Nidanganye ili iweje?

FundiKoleo
Makasia, taratibu. Nadhani kijana hatungi. Ametungiwa.

Mzawa, angalia maneno haya mawili. "MacBook Pro ya M1" na "MacBook Pro ya M1 Pro" ni mashine mbili tofauti. Ya kwanza ni ya inchi 13, ya Novemba 2020, ina mstari wa kugusa, matundu mawili tu ya USB-C upande wa kushoto, RAM 8 au 16, na inakubali skrini moja tu ya nje. Ya pili ni ya inchi 14 au 16, ya Oktoba 2021, ina tundu la HDMI, tundu la kadi ya SD, chaja ya sumaku, RAM kuanzia 16. Unaonyeshwa ya kwanza kwa bei ya pili. Igeuze usome namba ndogo kwenye mfuniko wa chini. A2338 ni ile ya inchi 13. A2442 ni ya 14, A2485 ya 16. Namba hiyo haibishani na mtu.

Sasa sema lingine. Umeshatoa hela?

Mzawa wa Nyakato
Advansi tu. Laki tano. Alisema kuna mtu mwingine anaitaka.

Ng'wana Igoma
Huyo mtu mwingine huwa yupo siku zote.

Mama wa Kirumba
Na hiyo Civil 3D unayo kihalali au ya kuchonga? Nauliza kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mtu anatafuta mashine ya milioni mbili na nusu isimsumbue, halafu anapandisha juu yake programu iliyovunjwa kutoka kwenye flashi ya rafiki. Hizo ndizo zinazoingiza virusi vinavyofunga mafaili yote ya mradi. Kama leseni ni nzito, programu ya ramani ya QGIS ni bure, inakubali Mac na Windows, na kwa ramani za viwanja inatosha.

Kapripointi
Kwa viwanja sawa, mama. Kwa barabara, mikato ya urefu na hesabu za udongo wa kuchimba na kujaza, QGIS atalia nayo.

Mzawa wa Nyakato
Habari ya leseni tuiache kwanza. Nimerudi dukani leo. Ni A2338. Betri imezunguka mara 812. Nilipomwambia, akasema "M1 Pro" ni namna ya kuongea tu. Advansi hairudi, ila naweza kuchukua kitu kingine. Ana ThinkPad P52 mbili, kila moja 1.9. Niambieni ukweli, nikichukua tofali, nichunguze nini?

FundiKoleo
Apple wanaihesabia betri hiyo mizunguko 1,000, kwa hiyo ungeanza kununua betri mapema. Umefanya vizuri kurudi.

P52 ni mashine ya 2018, prosesa za kizazi cha 8, Windows 11 inazikubali. Ina nafasi nne za RAM, mbili chini ya mfuniko wa chini na mbili chini ya kibodi. Kwa Civil 3D RAM 16 ni pa kuanzia, 32 ndipo unapumua. Usihangaike sana na idadi ya kokwa (core) za prosesa, kazi nyingi za AutoCAD zinapanda kokwa moja. Tazama kasi.

Dukani fanya hivi, kwa mpangilio huu. Izime, iwashe, nembo ikitokea bonyeza F1 uingie kwenye mipangilio ya ndani (BIOS). Ikikuomba neno la siri hapo, irudishe mezani. Hilo la msimamizi haliondoki kwa kung'oa betri ndogo ya bodi. Jibu la Lenovo wenyewe ni kubadilisha bodi. Ukiingia, nenda sehemu ya usalama utazame Absolute au Computrace, kinga ya kufuatilia mashine iliyoibwa. Hali yake ikiwa imewashwa (Activated), huenda mashine bado ina mwenyewe huko ilikotoka. Kisha Windows, fungua kidirisha cha amri uandike powercfg /batteryreport. Betri ikiwa mpya ni 90,000 mWh. Chini ya 60,000, kata bei ya betri. CrystalDiskInfo kwa afya ya SSD. Mwisho ipe mzigo mzito dakika 30 huku unatazama kasi. Ya i7-8850H ikishuka chini ya 2.6 GHz na kubaki huko, ndani kuna blanketi la Bibi Sangara.

Makasia
Ongeza hili: tundu la USB-C. ThinkPad nyingi za 2017 hadi 2019 zilikuwa na hitilafu kwenye programu ya ndani ya Thunderbolt, tundu linakufa taratibu. Lenovo walitoa apudeti. Iweke kabla tundu halijafa, kwa sababu likishakufa apudeti mara nyingi haisaidii. Na samahani Mzawa kwa kukuita tapeli. Ila ile RAM 8, loh.

Mzawa wa Nyakato
Nimesamehe. Ya kwanza imeomba neno la siri kwenye F1. Muuzaji akasema "nitalitafuta". Nikaiacha. Ya pili imefunguka vizuri, Absolute haijawashwa, betri 71,300, RAM 16, kadi ya picha ni Quadro P1000, chaja wati 170. Dakika 30 imesimama kwenye 3.1, feni inalia kama boti ya kwenda Ukerewe. Swali moja: site ninachaji kwenye gari, kwa inveta ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Itakubali?

Mlango Mmoja
Haitakubali ukiwa unafanyia kazi. Wati 170 kwenye volti 12 ni ampea 14 na ushee, inveta yenyewe inapoteza kidogo, unafika 16. Fyuzi ya soketi kwa kawaida ni 15. Itakatika ukiwa katikati ya kontua. Nunua inveta ya wati 300 ya wimbi safi, ivute moja kwa moja kwenye betri ya gari kwa waya mnene na fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, na injini iwe inaunguruma. Au ichaji ikiwa imezimwa, inakula kidogo zaidi. Hapo, kwa haki, ile Mac na chaja yake ya wati 61 ingekula nguvu kidogo sana.

Mzawa wa Nyakato
Basi nachukua P52 ya pili, nikibakiwa na chenji naongeza RAM. Laki tano ameikubali ndani ya 1.9, tunavutana kuhusu friji gadi, nataka aitupie bure. Wabeja sana wakuu.

Ng'wana Igoma
Mwambie kuna mtu mwingine anauza friji gadi.